Modemu Inayojifanya CD

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kiomboi. Kompyuta yangu ina Linux, sura ya tatu ya tasnifu ilitakiwa kwa msimamizi kabla ya saa sita usiku, na nilikuwa na modemu mpya ya USB. Nikachomeka, taa ikawaka. Kwenye skrini ikatokea nini? CD! Ndani yake faili za Windows tu, basi.

Utaambiwa modemu ni mbovu. Usikubali haraka. Nyingi za aina hii zina sura mbili: ukiichomeka hujitambulisha kama CD ili Windows isome humo programu na draiva zake. Zikishawekwa, kompyuta hutuma amri fulani, CD hupotea, na kifaa kilekile hurudi kama modemu. Ujanja mzuri, sikatai, maana hubebi diski ya pembeni. Kasoro ni kwamba amri hiyo hawakuiandika popote, si kwenye boksi wala kwenye karatasi ya maelekezo. Linux inaambiwa "mimi ni CD", inaamini, mambo yanaishia hapo.

Mjerumani Josua Dietze ndiye aliyeandika USB_ModeSwitch, programu ndogo inayotuma amri hiyo badala ya Windows. Ukiandika lsusb kabla na baada yake, mara nyingi utaona namba ya utambulisho wa kifaa imebadilika. Ikitokea /dev/ttyUSB0, ujue modemu imejitokeza. Hapo unajaza APN ya mtandao wako, inapigwa *99#, umeingia.

Sasa lawama zije kwetu sisi wapenzi wa Linux. Fungua mwongozo wowote ule, mstari wa kwanza karibu ni huohuo: sudo apt install usb-modeswitch. Kwa intaneti ipi, jamani? Matoleo mengine huja nayo tayari. Langu jepesi halikuwa nayo. Tangu 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice, tukaandika barua kwa menyu za Kiswahili. Kazi ile naiheshimu sana. Ila tafsiri tumeendelea kuisifu kuliko hili la kuunganishwa, na asiyeunganishwa hata hiyo programu ya Kiswahili ataipakua wapi?

Kilichoniokoa ni simu ya mama. Niliichomeka kwa kebo, nikawasha kushiriki intaneti kwa USB, na Linux ikaiona kama kadi ya mtandao bila kudai draiva yoyote. Nikapakua pakiti, nikamrudishia simu kabla bando halijaisha. (Wewe ukisafiri, pakua mapema pakiti hiyo pamoja na zinazoitegemeza, uziweke kwenye flashi.)

Sura ya tatu iliondoka saa tano na dakika arobaini, kwa modemu.