Kicheko Kinachomrudia Msomaji



Wako wazazi wanaodhani kuwa kitabu cha kuchekesha hakifai kuingia katika nyumba ya Kiislamu. Basi na wakitazame Kitabu cha Mabahili, alichokitunga Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria.

Anasimulia watu wa Khurasani waliokaa nyumba moja, wakachanga pesa za mafuta ya taa. Mmoja akakataa kutoa. Basi taa ilipowashwa walimfunga macho kwa kitambaa, hata walipotaka kulala wakaizima, ndipo wakamfungua.

Utacheka. Lakini tazama: wengi wa mabahili wake si wapumbavu. Ni watu wenye hoja, na ubahili wao wanauita uangalifu wa mali. Je, sisi tunapofunika chungu mgeni akipiga hodi, hatuna jina zuri la namna hiyo?

Hapa ndipo hadithi nyingi za Abunuwasi tunazowasimulia watoto hupungukiwa. Mtoto humcheka aliyedanganywa, akampenda mdanganyifu. Kwa Al-Jahidh kicheko humrudia msomaji mwenyewe.

Ila kosa analo. Majina mengine aliyaficha, na mengine akayataja waziwazi. Ilhali aya ya 11 ya Suratul-Hujurat imetukataza kufanyiana dharau. Tabia mbaya na ichekwe, mwenye nayo asitiriwe.

Basi, mzazi mwenzangu, wasimulie wanao kisa cha taa. Kisha jiulize wewe kwanza: katika nyumba hii, ni nani tuliyemfunga macho?

Wabillahi taufiq.