Gitaa la Umeme kwa Sikio la Kigogo

Wengi wakitaka kupima bendi ya roki huangalia kasi ya vidole vya mpiga solo. Kasi ni mazoezi tu. Mimi mkazi wa Kikuyu, hapa Dodoma, naanza na mkwaruzo, ile sauti chafu inayotoka gitaa linapoisukuma amplifaya kupita uwezo wake. Je, mkwaruzo huo una kazi gani ndani ya wimbo?

Aliyekua akisikia ilimba ya Wagogo hana haja ya kufundishwa swali hili. Kisanduku cha ilimba kina tundu, na fundi huliziba kwa utando wa buibui, ule mweupe unaofunika mayai. Kidole gumba kikibonyeza ulimi wa chuma na kuuachia, utando nao unatetemeka, noti inatoka na mvumo wake. Utando ukitoboka, noti zote zinabaki mahali pake lakini wimbo umepoa. Basi pedali za kukwaruzisha gitaa zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1962, kifaa kilikuwa kipya, ila hamu ya sauti ya namna hiyo ilikuwa ya zamani sana huku uwanda wa kati.

Kwa hiyo usikilize wimbo mara moja ukiufuata mkwaruzo peke yake: unaingia wapi, unatoka wapi. Bendi nzuri huufungua na kuufunga kwa sababu. Kiitikio kimefika, au mwimbaji amenyamaza, au dramu zimegeuza mwendo. Bendi dhaifu huuwasha mwanzo wa shoo na kuusahau, maana ukiuondoa utagundua gitaa la ridhim halijui linakwenda wapi. Hata kwenye metali, ambako mara nyingi hauzimwi, tofauti inasikika. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zibonyezeke kwa urahisi. Uzito wa metali ulipata sehemu yake kubwa hapo. Waliomwiga wengi walichukua uzito wakaacha nafasi. Katika albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya 1970, Iommi anaiacha noti moja ififie yenyewe kabla hajagusa nyingine.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi, nacho ndicho ninachokithamini. Noti za Cigogo hazikupangwa kwa kinanda. Zinafuata sauti zilizojificha ndani ya uzi mmoja, zile zinazojitokeza uzi unapotetemeka kwa mafungu manne, matano, sita, saba. Hiyo ya saba ndiyo mtihani: iko chini kidogo ya noti ya karibu iliyopo kwenye gitaa, kama theluthi ya hatua ndogo ya kinanda. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vipande vya chuma, na ukibonyeza pale palipopangwa unapata noti ya kiwandani. Mpigaji mwenye sikio hubonyeza hatua moja chini yake, kisha anauvuta uzi taratibu mpaka amkute mwimbaji alipo. Asiye na sikio humwacha mwimbaji juu ya gitaa lisilomsikiliza.

Kwa hili hakuna darasa bora kuliko *Assembly*, albamu ya 2002 ya Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia Bagamoyo, na Mkanada Michael Brook. Ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, yule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis. Brook ndiye aliyebuni gitaa linaloishikilia noti bila kuiacha ife, lile ambalo The Edge wa U2 alilitumia katika “With or Without You” mwaka 1987. Gitaa la namna hiyo linaweza kukaa chini ya sauti ya Mzee Hukwe bila kumpeleka popote, na pale Brook anapoliacha likae hivyo, kazi ni ya hali ya juu. Anapoanza kurundika tabaka, mzee anageuka pambo ndani ya wimbo wake mwenyewe. Anza na *Chibite* ya 1996 ili ujue alivyosimama bila umeme, kisha ndipo uhukumu.

Patrick Balisidya, kijana wa Mvumi, hakuwa mpiga roki, na sitaki kumbandika jina hilo. Lakini bendi yake ya Afro 70, yenye mtindo wa Afrosa, ililipa gitaa la umeme heshima ambayo bendi nyingi za roki hazikuwahi kulipa. Sikiliza “Harusi”: gitaa linasubiri waimbaji wamalize sentensi. Mwaka 1979 alitoa albamu na Waswidi wa Archimedes, na hapo vipimo vyote viwili vinafaa. Kwa rekodi za redio za enzi ile uwe na huruma. Besi ikisikika kwa mbali, mlaumu maikrofoni kabla ya mpigaji.

Roki yenyewe ya Tanzania itafute kwa Sunburst wa Dar es Salaam, waliorekodi *Ave Africa* Lusaka mwaka 1976. (Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, ndiyo, ila Queen ni bendi ya London na hainisaidii kupima chochote cha hapa.) Kampuni ya Strut ilikusanya kazi za Sunburst mwaka 2016, nyimbo za awali pamoja na albamu, kwa hiyo unaweza kusikia bendi moja ikibadilika ndani ya miaka michache.

Ukipata santuri halisi ya enzi hizo, omba upigiwe wimbo wa mwisho wa upande, ule ulio karibu na lebo, maana ndipo mifereji inapochakaa vibaya. Sikiliza herufi s na sh za mwimbaji. Zikikwaruza pamoja na gitaa, mkwaruzo huo ni wa sindano mbovu iliyopita hapo kabla yako, na bei ishuke.