Bahari ya Debussy: Je, Muziki Huchora?

Mwaka 1874 wachoraji kadhaa walionyesha picha zao mjini Paris, Ufaransa. Claude Monet alileta picha ya bandari ya Le Havre wakati wa macheo: jua jekundu, ukungu, na mashua zilizo kama vivuli. Katika jina la picha hiyo alitia neno la Kifaransa lenye maana ya taswira ipitayo machoni. Mhakiki mmoja akalidhihaki neno lile, na dhihaka ikawa jina la wachoraji wa namna ile: Waimpreshonisti.

Baadaye jina hilo lilibandikwa juu ya muziki wa Claude Debussy, hasa utungo wake wa okestra uitwao La Mer, yaani Bahari, uliopigwa kwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 15 Oktoba 1905. Mwenyewe hakulipenda. Je, alikuwa na haki?

Mfanano hatuwezi kuukana. Kama vile Monet alivyoweka rangi kando ya rangi pasipo mstari wa kuzitenga, ndivyo Debussy anavyoweka filimbi, vinubi na fidla bega kwa bega, kila chombo kikitoa mng'aro wake kisha kikinyamaza. Sehemu ya kwanza huanza alfajiri kwa sauti za chini sana, ngoma ikinguruma kwa mbali. Katikati, selo zilizogawanywa makundi manne huinuka kama maji yanayojaa. Karibu na mwisho vyombo vya shaba hutoa wimbo mzito, na adhuhuri imefika. Sehemu ya pili ni mchezo wa mawimbi. Ya tatu ni mazungumzo ya upepo na bahari.

Hata hivyo mhakiki Pierre Lalo alilalamika kwamba katika muziki ule hakuiona bahari, wala kuisikia, wala kuinusa. Lawama hiyo yatupasa kuipima, kwa kuwa inautaka muziki utende kazi ya picha. Picha hukaa mahali pamoja, na jicho laweza kuirudia pembe yoyote lipendalo. Sauti hupita, wala haishikiki ila kwa kumbukumbu. Debussy alilijua jambo hili. Ule wimbo mzito wa sehemu ya kwanza anaurudisha katika sehemu ya tatu, katikati ya dhoruba, nasi twautambua kama mtu atambuavyo uso wa jamaa yake katika umati. Huo si ukungu, ni mpango.

Ila moja ipo. Katika sehemu ya pili sauti hubadilika upesi mno, na msikilizaji mgeni hupotea kabla hajapata pa kushika. Dawa yake ni kuusikiliza utungo mara ya pili.

Debussy alianza kuutunga mwaka 1903 akiwa Burgundy, mbali na pwani, na katika barua alieleza kwamba kumbukumbu zake za bahari zilimfaa kuliko bahari yenyewe. Basi mwanafunzi wa bara ambaye hajapata kuona pwani asidhani kwamba muziki huu si wake. Asifumbe macho kuyatafuta mawimbi. Atege sikio, aangalie ni kitu gani kilichopita, na ni kipi kinachorudi.