Miezi Tisa na Neno Moja

Nilipoanza kazi ya tafsiri nilikuwa na hakika kwamba run ni kukimbia. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikimbia kutoka ubaoni hadi mlangoni, tukacheka, tukaelewa, yakaisha. Kisha nikaletewa kijitabu cha maelezo ya mashine ya kufulia, na run imejaa kila ukurasa. Mashine haikimbii, ukiiona inakimbia, mwite fundi. Mashine inafanya kazi, maji yanatiririka, kanga mpya inachuja rangi, pua inatoka kamasi, mtu anagombea ubunge, mkewe anaendesha duka, na sukari ya nyumba nzima inaisha. Kote huko Kiingereza kimetosheka na neno moja, nami nimeshatumia saba na bado jasho linanitoka.

Hapo ndipo nilipoanza kuwastahi watunga kamusi. Katika kamusi kubwa ya Oxford, kitenzi run kilimwangukia mhariri Peter Gilliver. Alikaa nacho miezi tisa, mimba nzima, na alipojifungua mtoto alikuwa na maana 645. Hivyo run ikaipokonya ubingwa set, ambayo katika toleo la 1989 ilikuwa na maana zipatazo 430, zikielezwa kwa maneno kama 60,000. Kitabu kizima, kwa kitenzi cha herufi tatu!

Lakini si hesabu inayonivutia. Ni mikono. James Murray, mwalimu wa shule aliyeshika uhariri wa kamusi hiyo mwaka 1879, alifanyia kazi katika banda la mabati. Wasomaji wa kujitolea walimpelekea vikaratasi kwa mamilioni, kila kimoja na neno lake na sentensi lilimookotwa. Wanawe, na alikuwa nao kumi na mmoja, walivipanga kwa malipo ya vijisenti. Baadaye, huko Oxford, banda la pili lilizamishwa kidogo ardhini ili lisimharibie jirani mandhari. Mpango ulikuwa miaka kumi. Baada ya mitano, mwaka 1884, kijitabu cha kwanza kilitoka kikiishia ant, yaani sisimizi, na nadhani mwendo wenyewe ulikuwa wa mdudu huyo. Murray alifariki mwaka 1915. Kamusi ilikamilika 1928.

Nikimfikiria mtu huyo na vikaratasi vyake, namwona kama anayechagua mchele kwenye sinia. Hiki kinafanana na kile, kiende fungu hili. Hiki kinakataa mafungu yote, kingoje. Tofauti ni kwamba yeye hatupi kitu. Chuya na mawe navyo vina fungu lao, maana kuna mtu aliwahi kulitumia neno hivyo, na mtunga kamusi hana ruhusa ya kumwambia amekosea. Kazi yake ni kusikiliza.

Sisi tunalo piga. Tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, magoti, chafya, kura na hodi, na hakuna anayeumia. Je, anayepiga magoti na anayepiga foleni wako fungu moja? Sijui kamusi itakayonitosheleza kwa kuandika kwamba piga ni kugonga kwa nguvu, halafu yote mengine ikayasukumia kwenye nahau. Huko ni kuacha mchele sokoni.

Kwa hiyo nami nimetenga boksi la viatu, na natembea na vikaratasi mfukoni. Juzi, kwenye daladala, mama mmoja aliingia na kitenge kipya akakaa, akashusha pumzi, akasema, “Jamani, leo nimepigwa.” Hakuna aliyemtazama usoni kutafuta jeraha, wala aliyeuliza ni nani. Jirani yake aliushika ukingo wa kile kitenge, akausugua kwa vidole viwili, akauliza, “Shilingi ngapi?”

Nikatoa kalamu.