Mwenye Kete Nyingi Ameshindwaje?

Msomaji, nakuomba uketi nami kitambo katika kivuli cha mgunga, chini ya mlima Longonot, mahali ambapo wanafunzi wawili waligombana juu ya mchezo wa bao. Walikuwa wamechimba mashimo 32 katika vumbi laini la nchi hii, safu nne za mashimo manane manane, na kete zao zilikuwa kokoto. Mmoja alizaliwa papa hapa Bondeni. Mwenziwe alikulia Mombasa, naye ndiye aliyeleta bao la Kiswahili. Nilipofika nilimkuta yule wa Mombasa amesimama akisema, “Nimeshinda!” Mwenziwe alinionyesha safu yake ya nyuma, imejaa kokoto, akaniuliza, “Mwalimu, mwenye kete nyingi ameshindwaje?”

Nilitazama, nikahesabu, nikahukumu kwamba mwenye nyingi ndiye mshindi. Yule wa Mombasa akaondoka bila neno, na kwa siku tatu hawakuketi pamoja. Hukumu ile ilikuwa mbaya, na insha hii ni jaribio la kuipima upya.

Hebu kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Kete za bao ni 64, na kila mchezaji ana 32. Mchezo unapoanza, kila mmoja huweka kete 10 ubaoni, nazo 22 hubaki mkononi, azinamue moja moja. Zikiisha za mkononi, huingia mtaji. Kete huliwa katika safu ya mbele tu. Zilizo nyuma haziliwi. Lakini pia haziokoi. Mchezaji ambaye safu yake ya mbele imekauka, ameshindwa, hata kama nyuma ana ghala tele. Iko na njia nyingine: katika mtaji shimo lenye kete moja halichezeki, na kwa hiyo mtu aliyebakiwa na kete moja moja tu, asiwe na shimo la kuanzia, ameshindwa vilevile. Katika njia zote mbili hakuna anayehesabu kete.

Sasa mfikirie yule kijana wa Bondeni. Huku kwetu mchezo wa kete ni wa kale. Katika kilima cha Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, mashimo ya bao yamechongwa juu ya mwamba. Wazee wake walimfundisha mchezo wa safu mbili, ambamo mwenye kuteka kete nyingi ndiye mshindi. Kwake yeye, haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kazi imekwisha. Alicheza vizuri sana mchezo ambao mwenziwe hakuwa akiucheza.

Je, ushindi wa njia ya namna hii ni wa haki? Wako wasemao kwamba si haki, kwa kuwa mtu hutoa jasho kukusanya, kisha hunyang'anywa tunda kwa sheria ya pembeni. Nami siwezi kukubaliana nao. Kete ni chombo cha mchezo, wala si mshahara wake. Mkulima aliyejaza ghala akaacha mlango wazi hawezi kumlaumu aliyetunga sheria ya milango. Lakini sikubaliani pia na wale wasemao kwamba kila sheria ni haki maadamu imeandikwa. Mimi naipima kwa maswali matatu. Je, inajulikana kwa wote wawili kabla ya mchezo kuanza? Je, anayeelekea kushindwa anaweza kuiona hatari na kuizuia? Je, njia hiyo iko wazi kwa kila mmoja?

Tuujaribu mzani huu kwa mchezo wa mbali kidogo. Wako vijana wachezao kadi za picha, ambazo hununuliwa katika pakiti na kukusanywa. Katika Magic: The Gathering, uliotungwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, kila mmoja huanza na alama 20 za uhai, na kazi ni kuzimaliza za mwenzako. Walakini anayetakiwa kuchukua kadi hali fungu lake limekwisha, hushindwa hata kama uhai wake haujaguswa. Katika Yu-Gi-Oh! iko njia ya ajabu zaidi: mwenye kukusanya mkononi vipande vitano vya Exodia hushinda papo hapo. Mtu huona hiyo ni bahati tupu. Lakini fungu lina kadi 40 kwa uchache, na kila kipande huruhusiwa kimoja tu. Katika fungu la kadi 40, kuvipata vyote katika kadi tano za kwanza ni jambo la mara moja katika 658,008. Asiyetegemea muujiza hana budi kuzitafuta kwa ufundi, huku mwenziwe akimshambulia.

Basi kwa swali la kwanza kadi hizo hazina lawama. Kwa swali la pili zinapungukiwa kidogo, kwa sababu kadi za mkononi zimefichwa, na hatari huweza kukua gizani. Kwa swali la tatu lawama ni kubwa, kwani mwenye fedha hununua pakiti nyingi na kuchagua njia atakayo, na mwenye senti chache hucheza kwa alichokipata. Bao halina pakiti. Mashimo yote yako wazi juani, na kokoto za Longonot haziuzwi. Anayeiona safu yake ya mbele ikikauka aweza kuzungusha kete zake na kuirudishia uhai, kama akili yake inatosha.

Kwa hiyo sheria ya bao ni ya haki. Lakini je, mchezo ule chini ya mgunga ulikuwa wa haki? Hapana. Kijana wa Mombasa alipomfundisha mwenziwe namna ya kunamua na kula, hakumwambia namna ya kushinda. Sheria njema ikifichwa huwa mtego. Nami kosa langu lilikuwa lile lile la kijana wa Bondeni: nilihesabu kete za mchezo nisioujua.

Siku ya nne niliwaita wote wawili, nikaifuta hukumu yangu mbele yao. Kwa yule wa Mombasa nilisema kwamba sheria yake ni kweli, ila kunyamaza kwake si kweli. Kwa yule wa Bondeni sikuwa na neno isipokuwa kumwomba radhi. Walitazamana, kisha mmoja akaanza kusafisha mashimo kwa kidole.

Nawe msomaji, utakapoketi ubaoni na mtu, usiulize kwanza nani aanze. Uliza, “Hapa mtu hushindaje?” Na ukiulizwa wewe, jibu lote.