Pongezi kwa Fundi wa Baiskeli

Katika kazi za mikono ambazo watu huzipita njiani pasi na kuzitolea shukrani, hakuna, kwa rai yangu, iliyodhulumiwa heshima yake kuliko kazi ya fundi wa baiskeli aketiye chini ya mwembe na nyundo yake, tupa yake na kopo la pini. Mwenye baiskeli nzito ya namna ya Phoenix, akisikia mkono wa pedeli ukigonga kila mzunguko, na mguu ukiteleza kidogo kabla ya mnyororo kushika, ajue kwamba pini ishikayo mkono huo kwenye ekseli imelegea. Na akishika ukaidi wa kukanyaga, vyuma vitalana hata tundu liharibike, na hasara ya pini igeuke hasara ya mkono mzima.

Fundi hodari hana pupa. Pini mpya huipiga tupa taratibu, akiijaribu tena na tena, mpaka ubapa wake wa mshazari ulaliane sawasawa na ubapa wa ekseli. Kisha huuegemeza mkono wa pedeli juu ya chuma kizito, ili pigo lisiziumize gololi, ndipo aigongomee. Nati huifunga mwisho, kwa kuwa kazi yake ni kuizuia pini, wala si kuivuta. Na ile nasaha yake, "Endesha kidogo, kisha urudi niigonge tena," wengi huidhani tamaa ya ujira, ilhali ndiyo amana ya kazi yenyewe, maana pini hukaa barabara baada ya kubeba uzito wa mwendeshaji. Na kwa marudio hayo aghalabu hadai hata senti.