Kona na Konakona: Umbo Limekopwa, Maana Je?

Asili ya umbo kona haina utata. Ni corner ya Kiingereza, iliyopokewa kwa kanuni ileile iliyotupa dereva na tela: silabi ya mwisho, ambayo katika matamshi ya Uingereza haina /r/, imekuwa /a/. Utata unaanza pale etimolojia hiyo inapodaiwa kueleza pia maana ya hila. Dai hilo halina mashiko.

Kwanza, Kiingereza hakikutoa maana hiyo. Cut corners ni kulipua kazi. Kukata kona ni kugeuka njiani. Maumbo yanafanana, maana zinaachana.

Pili, sitiari ya njia ilikuwapo kabla ya mkopo. Kutokana na nyoka, yaani kuwa bila pindo, tuna nyofu, na mtu mnyofu ni mwadilifu. Kwa upande wa pili, mambo huenda kombo na sheria hupindishwa. Kona iliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa.

Tatu, kazi kubwa imefanywa na uradidi. Abiria wa barabara ya Lamadi, Bariadi hadi Maswa akisema "mbele kuna kona", anamtahadharisha dereva. Akisema "yule ana konakona", anamhukumu mtu. Kona moja ni umbile la njia; kona zinazofuatana katika maneno ya mtu zinaashiria kusudi. Uradidi ni nyenzo ya Kibantu, si ya Kiingereza.

Suala hili si la kamusi tu. Katika Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, wazungumzaji wengi hutumia Kiswahili pamoja na Kisukuma, na mikutano ya hadhara huandikiwa mihtasari kwa Kiswahili sanifu. Mwanakijiji akisema taarifa ya mapato na matumizi "ina konakona", anatuhumu. Karani anayelikwepa neno hilo kwa kuliona la mitaani, akaandika kwamba taarifa "haikueleweka vizuri", ameifuta tuhuma na kumgeuza mlalamikaji kuwa mtu asiyeelewa.

Kwa mantiki hiyo, konakona listahili kidahizo chake lenyewe, chenye maana mbili: mfululizo wa pindo za njia, na hila ya kukwepa ukweli. Kiingereza kitajwe kama chanzo cha umbo. Maana ya pili ihesabiwe kuwa zao la Kiswahili chenyewe.